Naomba ushauri: Mzee wangu alikuwa mateka Vita vya Kagera
Habari wakuu. Baba alikuwa JWTZ (jeshi la Tanzania), akatekwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda baada ya uvamizi wa Oktoba 1978. Alitoka Kampala ilipoanguka, Aprili 1979. Miaka yote alikaa kimya. Sasa uzeeni ndiyo ameanza kusimulia: chumba kimoja watu wamebanana, ugali mkavu, mwenzake aliyeitwa usiku asirudi. Akifika hapo mikono inamtetemeka. Mpaka leo hataki mlango wa chumba chake ufungwe.

Natamani sana kumrekodi, ila naogopa kumtonesha kidonda. Niendelee, au nianze kumpeleka kwa mtaalamu wa saikolojia? Na kumbukumbu za mateka zilizoko Msalaba Mwekundu, Geneva, mtoto anaziombaje? Mwenye mzazi aliyepitia haya anisaidie tafadhali.