Lita 4 za Baba Mdogo

*Jumatatu*

Baba Mdogo: Jamani, kile kipimo cha kamera ya utumbo mpana ni Alhamisi saa 4 asubuhi. Nimepewa dawa ya kusafisha tumbo. LITA 4. Mimi ngamia?

Rehema: Shikamoo baba mdogo, pole 😂 Niliinywa mwaka juzi. Kama maji ya chumvi yaliyooshewa vyombo.

Baba Mdogo: Marahaba. Nasikia kuna pakiti ndogo, unakoroga kikombe kimoja jioni, kimoja asubuhi, basi. Mbona mimi sikupewa hizo?

Shangazi Zuhura: Mdogo wangu, nina kichupa cha zamani cha fosfeti, nayo ni dawa ya kusafisha tumbo, hata sijakifungua. Nikuletee?

Salim: Shangazi HAPANA. Kitupe. Ile fosfeti huweza kuganda na kalsiamu ndani ya figo, kuna watu figo zao hazikurudi tena. Marekani walitoa onyo kali 2008. Na figo za baba mdogo tunazijua zilivyo.

Shangazi Zuhura: Haya, nimetupa. Ukali wa nini, nilitaka kusaidia tu.

Salim: Samahani shangazi yangu 🙏

Mama: Na hizo pakiti ndogo, Salim? Shemeji ana hoja, lita 4 si mchezo.

Salim: Mama, kile kikombe kinadanganya. Ile ni pikosalfeti na magnesiamu, unakoroga kwenye mililita 150 hivi. Lakini inavuta maji kutoka mwilini, kwa hiyo lazima uyarudishe kwa kunywa vinywaji vingine vingi. Na magnesiamu hutolewa na figo, zikichoka inarundikana kwenye damu.

Salim: Hii ya lita 4 (PEG) haifyonzwi. Chumvi zake zimepimwa ili mwili usipoteze maji wala usiongeze. Inaingia, inasukuma, inatoka na maji yake yaleyale. Ndiyo maana ni nyingi, na ndiyo maana wenye figo au moyo dhaifu hupewa hiyo.

Baba Mdogo: Kumbe daktari hakunichukia.

Rehema: Ipo pia PEG ya lita 2 yenye vitamini C. Muulize.

Salim: Aulize, ila ataje figo kwanza. Wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) nao wawe waangalifu na hiyo.

Baba Mdogo: Basi nainywa yote Jumatano jioni nilale.

Rehema: Usithubutu! Mimi ndilo kosa nililofanya. Nikamaliza zote saa 3 usiku, nikajiona shujaa. Asubuhi ile kamera kufika upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, ikakuta ute wa njano umetandaa kama rangi ukutani. Kinyama kidogo kilichoota utumboni kikijificha hapo nani atakiona? Nikarudia dawa na kipimo.

Salim: Utumbo mwembamba haulali, usiku kucha unateremsha vitu. Nusu jioni, nusu alfajiri. Kwa kipimo cha saa 4, anza saa 10 alfajiri, uwe umemaliza kabla ya saa 2. Karatasi yako ikisema saa nyingine, fuata karatasi.

Rehema: Iweke kwenye friji, tumia mrija, glasi moja kila dakika 10 au 15. Kichefuchefu kikija pumzika nusu saa. Na hakuna kinywaji chekundu, watadhani ni damu.

Mama: Na mafuta ya kujipaka, shemeji. Utanishukuru.

Salim: Vidonge vya madini ya chuma unameza bado?

Baba Mdogo: Niliambiwa niache tangu wiki iliyopita.

Salim: Vizuri. Dawa ya presha mpigie daktari leo, usiiache kwa akili yako.

*Alhamisi, saa 11 kasoro alfajiri*

Baba Mdogo: Glasi ya tano kati ya nane. Nani yuko macho?

Rehema: Mimi 🙋🏾‍♀️ Rangi?

Baba Mdogo: Binti, mambo haya ya kuulizana?

Salim: Taja tu baba mdogo, ndiyo habari yenyewe.

Baba Mdogo: Njano nyepesi kama mkojo. Chini ya bakuli naona.

Salim: Safi sana! Lakini malizia zote tatu zilizobaki, usikatie hapo.

Shangazi Zuhura: Nipo nakuombea. Umepakaa mafuta?

Baba Mdogo: Dada, nimepakaa. Ngojeni, naitwa tena