Saa 2 yangu na saa 2 ya mwanangu aliye Morisi

Bi_Karafuu (Wete)
Asalaam alaykum jamani. Mwanangu kapata kazi jikoni, hotelini huko Morisi, upande wa Grand Baie. Ana miezi minne. Tatizo letu ni saa. Juzi kaniandikia, "Mama, nitapiga saa 2." Nikaswali isha, nikakaa barazani na simu mkononi mpaka usingizi ukanichukua. Kumbe alishapiga saa 7 mchana, mimi niko juani napindua karafuu kwenye jamvi, simu nimeiacha ndani! Na jengine: Jumapili tunaongea saa 11 jioni, jua langu bado liko juu ya minazi, naye aniambia huko kiza kinaingia. Nikadhani ananitania. Tumepishana saa ngapi hasa? Na zinabadilika kama za Uingereza? Maana shemeji yangu wa kule hutuvuruga mara mbili kila mwaka.

Baharia_Mstaafu
Wa alaykum salaam bibie. Saa moja tu, wao wako mbele, na haibadiliki. Waliwahi kusogeza saa kiangazi chao cha 2008 kuingia 2009, wakaacha. Shemeji usimtie humu.
Mtoto hakukosea, nawe hukukosea. Yeye kasoma simu yake, 14:00, na kule hiyo wanaiita saa mbili. Kwa hesabu yetu ya kuanzia jua kuchomoza ni saa 8 mchana kwake, saa 7 kwako. Keshazoea lugha ya wenziwe jikoni. Mwambie aandike tarakimu nne, 14:00 au 21:00. Utoe moja, kisha uigeuze iwe ya Kiswahili.

MsomaRamani
La jua hakukutania. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, magharibi yetu hucheza kama nusu saa mwaka mzima. Morisi iko nyuzi 20. Mwezi huu wa Julai kwao ni baridi, jua linazama kabla ya 18:00. Januari linakaribia 19:00. Ukimpigia Januari atakwambia bado kweupe, usije ukamwita mwongo tena.

Kachori72
Nilikaa Port Louis miaka miwili. Usiwe na wasiwasi na chakula: sokoni kuna chapati nyembamba zimetiwa dengu ndani, atazipenda. Kisiwa kile hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walifika 1598, wakaondoka 1710, Wafaransa wakaleta watumwa kutoka Bukini (Madagaska), Msumbiji na pwani yetu hii. Waingereza wakakitwaa 1810, baadaye wakaleta vibarua kutoka India kwenye miwa. Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya kukoma utumwa, 1835, basi siku hiyo mwanao huenda akawa na nafasi.
Tena bibie, hizo karafuu zako: Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanya miche iletwe Morisi kutoka visiwa vya Maluku, mnamo 1770. Kwetu zilifika baadaye, zikitokea visiwa vya upande huo huo wa Morisi.

Bi_Karafuu (Wete)
Kumbe! Miaka yote hii navunja kiuno kwa mti uliopita kwao mwanangu, na hakuna aliyeniambia.
Kaandika sasa hivi: 21:30. Toa moja... saa 2 na nusu usiku. Nitakuwa nishaswali isha. Simu naifunga kwenye pindo la kanga.