Wanaojitolea wanapungua katika kundi letu la programu huria za shule: tumekosea wapi?

Mwalimu wa Nyegezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya msingi upande wa Nyegezi, jijini Mwanza. Miaka mitatu iliyopita tulikusanyika walimu kadhaa pamoja na vijana waliokuwa wamemaliza chuo wakisubiri ajira, tukaanzisha kundi la kujitolea. Kazi yetu ni kufunga Kolibri, programu huria ya masomo, katika shule zenye kompyuta lakini zisizo na intaneti, kwa kuwa programu hiyo huwekwa kwenye kompyuta moja, na nyingine zote zikasoma masomo kutoka humo kupitia ruta ya kawaida bila bando lolote. Baadaye tuliona kwamba mazoezi mengi yaliyomo hayafuati mtaala wetu, hivyo kijana mmoja akaandika programu ndogo inayogeuza maswali ya walimu kuwa mazoezi ya kompyuta, nasi tukaiweka hadharani kwa leseni ya GPL ili shule yoyote iweze kuichukua, kuibadilisha na kuigawa.

Tulianza tukiwa watu 31. Majina hayo karibu yote bado yamo katika kundi la WhatsApp, lakini wanaofanya kazi hatuzidi watano. Aliyeandika programu alipata ajira Dodoma, jambo tulilolifurahia kwa dhati, ila tangu hapo nywila za akaunti yenye msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, na za tovuti zimebaki kwake peke yake. Mwalimu mmoja wa Sengerema alituma marekebisho mwezi Machi, akajibiwa Julai. Lililoniuma zaidi ni la mwenzetu wa Ukerewe, aliyetuma tafsiri ya sentensi sitini, akawa amechanganya r na l katika maneno mawili matatu. Mmoja wa wakongwe wetu akamjibu kwa vikatuni vya kucheka mbele ya kundi zima. Usiku uleule alitoka kundini, wala hakuaga.

Sasa amejitokeza mfadhili aliye tayari kutupatia fedha kidogo, na baadhi ya wenzangu wanapendekeza zitumike kulipa posho kila tunapokutana, wakiamini kwamba ndivyo watu watakavyorudi. Mimi nasita, ingawa sina hoja zaidi ya huko kusita kwenyewe. Kwa wale mliowahi kuendesha kundi la namna hii, naomba kujua: mtu anayejitolea hubaki kwa sababu gani, na huondoka kwa sababu gani?

Fundi wa Kirumba amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kazi na pole kwa uchovu wake. Mimi naandika programu kwa ajili ya riziki, na usiku nachangia miradi huria, kwa hiyo nimewahi kuwa anayesubiri jibu na pia anayechelewesha jibu.

Kabla ya posho, itazameni ile miezi minne kati ya Machi na Julai. Mtu anapotuma marekebisho yake ya kwanza huwa amekesha, amehangaika na umeme unaokatika, kisha ametuma huku akihofia kwamba wanaojua zaidi watamwona mjinga. Usipomjibu, huuchukua ukimya wako kuwa ndilo jibu. Afadhali aambiwe siku hiyohiyo, "Tumeipokea, fulani ataisoma Jumapili," kuliko kupewa shukrani ndefu baada ya miezi minne. Wekeni zamu ya wiki moja moja, na kazi ya mwenye zamu iwe kujibu tu, hata kama hana ujuzi wa kukagua msimbo.

Someni pia namna Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni, ilivyokua. Martin Dougiamas alitoa toleo lake la kwanza mwaka 2002 akiwa Perth, Australia, na tangu mwanzo sehemu kubwa ya msaada imetoka kwa walimu wanaojibiana wao kwa wao. Wapo hata wanaotambuliwa rasmi kuwa wasaidizi wazuri, kutokana na alama ambazo wenzao huyapa majibu yao. Asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo anaweza kupata heshima hiyo. Katika makundi yetu ya hapa, anayehesabiwa ni mwandishi wa msimbo peke yake, na mwalimu aliyezunguka shule nne akiwa na diski mkobani anaitwa "msaidizi", tena kwa sauti ya chini.

Suala la nywila ni la hatari kuliko mnavyodhani. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun Microsystems, iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice, mwaka 2010, wengi waliokuwa wakiijenga programu hiyo huria ya kazi za ofisini waliingiwa na shaka, na mwaka huohuo wakajitoa na kuanzisha LibreOffice. Leseni iliwaruhusu kuondoka na msimbo, lakini jina walilolijenga kwa miaka kumi hawakuondoka nalo. Ninyi mko katika hali ya namna hiyo kwa kiwango kidogo: msimbo mnahakikishiwa na GPL, ila anwani ya tovuti na akaunti ziko mkononi mwa mwenye nywila. Kijana huyo akipoteza simu, au akipatwa na jambo, Mungu apishe mbali, mtaanza upya kwa jina jingine, na shule mlizozihudumia hazitajua kwamba ni ninyi walewale. Mwombeni aongeze watu wawili wenye mamlaka sawa na yake, wiki hii, na mseme naye vizuri ili asidhani kwamba ananyang'anywa.

Bibi wa Magu amejibu:

Wanangu, shikamoo hamjanipa, lakini nawaitikia marahaba. Nilifundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na siku hizi hukagua tafsiri za masomo ya kompyuta nikiwa nyumbani.

Kuchanganya r na l ni kosa la tahajia ambalo mhakiki hulisahihisha kwa nusu dakika. Kama wakongwe wenu wanadhani tafsiri mbaya hutambulikana kwa hilo, basi tafsiri mbaya hawajaiona bado. Niliwahi kukagua kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, ambamo neno "sehemu" lilitumika kwa vipande vya somo na pia kwa nusu, robo na theluthi. Mtoto yumo katika zoezi la kujumlisha sehemu, anaambiwa "nenda sehemu inayofuata", anabaki akiitafuta robo. Mtafsiri mwingine alibuni majina yake ya namba ya juu na namba ya chini, ilhali darasani sisi sote tumefundisha kiasi na asili. Makosa kama hayo mjuzi wa kompyuta hayaoni, na msomi wa lugha anaweza kuyapita vilevile. Huyaona mtu aliyesimama mbele ya watoto arobaini wakamkodolea macho. Huyo mliyemfukuza kwa kicheko huenda ndiye mliyemhitaji kuliko wote.

Kwa hiyo andikeni faharasa, yaani orodha ya istilahi mlizokubaliana, hata ya ukurasa mmoja, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote sentensi za kutafsiri. Waliotayarisha Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao walihitaji kwanza kukubaliana istilahi. Faharasa hupunguza ugomvi, kwa sababu mhakiki akisahihisha neno huonekana anafuata karatasi ya wote, si matakwa yake.

Aliyecheka hadharani aombe radhi hadharani. Mjukuu wangu amenionyesha mwongozo wa mwenendo uitwao Contributor Covenant, wa mwaka 2014, ambao miradi mingi ya dunia huutumia. Ni mzuri, ila kwa kundi la watu watano naona zinawatosha sentensi nne za Kiswahili chenu ambazo kila mmoja amezikubali, pamoja na jina la mtu wa kupelekewa malalamiko, naye asiwe mwenyekiti.

Nimebakiza moja, ukubwa wa kazi. Wavuvi wa dagaa hapa ziwani huingia majini usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi inapojaa hupumzika wakashona nyavu; hakuna anayewaita wavivu. Walimu nao wana mbalamwezi yao: mitihani, usahihishaji, mashamba msimu wa mvua. Kundi lenu, kwa jinsi ulivyolieleza, linamtaka mtu awepo siku zote, na anayeshindwa hujificha kwa aibu na kunyamaza kimya ndani ya WhatsApp. Gaweni kazi ndogo zenye mwisho, sentensi ishirini au shule moja, kisha mtu awe huru kusema amemaliza na atarudi Juni.

Mhasibu wa Igoma amejibu:

Waliotangulia wamesema vema, ila wote wamelizunguka suala la fedha kana kwamba linanuka.

Tukubali kwanza kwamba hapa kwetu neno "kujitolea" lina mzigo wake. Kijana anayefundisha kwa kujitolea mara nyingi anatumaini kwamba nafasi ikitokea atakumbukwa, wala si dhambi kutumaini hivyo. Mwambieni mapema kama nafasi ipo au haipo. Barua inayoeleza kwa usahihi kazi alizozifanya, pamoja na jina lake katika orodha ya wachangiaji ambayo mwajiri yeyote anaweza kuifungua na kuiona, itamfaa kwenye usaili kuliko shilingi elfu kumi za kikao.

Posho za vikao nimeziona zikiua kundi. Tulikuwa watu kumi na wawili tukifundisha vijana kompyuta kila Jumamosi, shirika moja likaja na posho, na haukupita mwaka vikao vikawa vingi kuliko vipindi. Fedha zilipokwisha, hata wale waliokuwa wakija bure zamani hawakurudi, kwa sababu kuja bure sasa kulionekana ni kudhulumiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Hata hivyo, ni kosa vilevile kumwacha mwalimu alipe kutoka mshahara wake. Wa Sengerema siku hizi anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lakini wa Ukerewe bado anategemea meli au kivuko, na akifika mjini anahitaji kula. Rudisheni gharama halisi kwa risiti: nauli, bando la kupakulia, diski, chakula cha siku ya kazi. Hesabu iwekwe kundini kila mwezi ili kila mtu aisome. Ikitokea kazi nzito yenye kipimo, kama kuandika upya sehemu ya programu, itangazeni wazi na mlipe kwa mkataba. GPL haimkatazi mtu kulipwa kwa kuandika, kufunga au kufundisha, na Moodle yenyewe huendeshwa kwa sehemu kwa fedha za kampuni washirika zinazouza huduma zake. Na huyo mfadhili aulizwe mapema anakusudia nini mwaka wa pili, maana wengi huja na mwaka wa kwanza tu.

Mwalimu wa Nyegezi amejibu:

Bibi, shikamoo. Nawashukuru nyote.

Nilimpigia kijana wa Dodoma jioni ileile niliposoma jibu la Fundi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kila alipokuta ujumbe ambao hakuujibu aliona haya kuujibu kwa kuchelewa, na kuchelewa kukazidi. Ametuongeza mimi na mwalimu wa Sengerema kuwa wasimamizi, na haikuchukua hata dakika kumi. Aliyecheka anasema ulikuwa utani na yuko tayari kuomba radhi, ila anataka kufanya hivyo kwa ujumbe wa faragha. Nimekataa, na hatujaelewana. Suala la fedha litaamuliwa kikaoni Jumapili. Maneno ya Mhasibu nimeyachapisha kwenye karatasi kwa ajili ya wasiofika hapa jukwaani.

Mwenzetu wa Ukerewe hapokei simu. Jana usiku nililifungua faili lake la sentensi sitini, ambalo nina hakika hakuna aliyelisoma hadi mwisho, na kuanzia sentensi ya kumi na nne kote ameandika kiasi na asili. Jumamosi navuka kwenda Nansio, nami nitapita kwao.