PostgreSQL ya pamoja: kila mtu awe na akaunti yake, wachambuzi wasome tu

kibodi
Wakuu, tuna seva moja ya hifadhidata, PostgreSQL 16, iliyopandishwa kutoka toleo la 13. Programu ya mauzo, wachambuzi na wasanidi wote wanaingia kwa akaunti kuu ya `postgres` na nywila moja. Nimeanza kuwatenganisha, nimekwama sehemu tatu:

1. Mtu akiwa kwenye seva yenyewe anaingia hata kwa nywila ya uongo.
2. Nimewapa wachambuzi `GRANT SELECT ON ALL TABLES`. Majedwali ya zamani yanasomeka, mapya yanagoma: `permission denied`.
3. Nimebadilisha njia ya kukagua nywila, `md5` kuwa `scram-sha-256`, kwenye pg_hba.conf (faili la sheria za nani aingie na kwa njia gani), baadhi ya akaunti zikakataliwa ingawa nywila ni zilezile.

mlinda_lango
La 1 na la 3 yote yanaanzia pg_hba.conf. Seva inaisoma kuanzia juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana na aina ya muunganisho, hifadhidata, mtumiaji na anwani. Mstari huo ukikataa, haiendelei kujaribu unaofuata. Bila shaka una `trust` juu kwa `local` au 127.0.0.1, na `trust` haiulizi nywila kabisa, kwa hiyo uandike nini haijalishi. Weka hivi:

```
local    all    postgres                  peer
local    all    all                       scram-sha-256
host     all    all          127.0.0.1/32 scram-sha-256
host     all    all          ::1/128      scram-sha-256
hostssl  mauzo  +wachambuzi  10.0.5.0/24  scram-sha-256
```

Alama ya `+` maana yake ni wanachama wote wa kundi hilo. `peer` humtambua mtu kwa akaunti yake ya mfumo wa uendeshaji, bila nywila. Anwani badilisha kulingana na mtandao wenu. Usisahau mstari wa programu ya mauzo kama iko mashine nyingine. Kabla ya kupakia upya, endesha `SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules WHERE error IS NOT NULL;` kisha `SELECT pg_reload_conf();`. Faili likiwa na kosa, seva inayotembea hubaki na sheria za zamani (kosa linaandikwa kwenye logi tu), ila siku ukiizima haitawaka.

La 3: nywila imehifadhiwa kama hashi (nywila iliyofichwa kwa hesabu isiyorudi nyuma) ya MD5, na hashi hiyo haigeuzwi kuwa SCRAM. Kwenye logi ya seva utakuta `does not have a valid SCRAM secret`. Mtumiaji yeye anaona tu kwamba nywila imekataliwa. Watafute:

```
SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';
```

Rudisha `md5` kwenye faili kwa muda. Neno hilo linawakubali hata wenye SCRAM, hivyo hakuna atakayefungiwa nje. Hakikisha `password_encryption` ni `scram-sha-256` (ndiyo chaguo-msingi tangu toleo la 14, lakini faili la mipangilio lililobebwa kutoka 13 linaweza kusema vingine), kila mmoja aweke nywila upya, orodha ikiisha ndipo ukaze kwa kurudisha `scram-sha-256`. Tumia `\password jina` ndani ya psql, si `ALTER ROLE ... PASSWORD '...'`: hiyo ya pili inapeleka nywila wazi kwa seva na inaweza kubaki kwenye logi.

safu_na_mstari
Naongezea la 2. `ON ALL TABLES` inahusu majedwali yaliyopo dakika hiyo tu. Ya baadaye yanataka hii:

```
ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE msanidi IN SCHEMA public
  GRANT SELECT ON TABLES TO wachambuzi;
```

Wengi hujikwaa kwenye `FOR ROLE`. Lazima iwe akaunti *inayounda* majedwali. Ukiiacha, agizo linahusu majedwali utakayounda wewe uliyeliendesha, na mchezo unarudi palepale. `wachambuzi` iwe kundi la `NOLOGIN` (lisiloweza kuingia lenyewe), ruhusa zote zikae hapo, watu uwaingize kwa `GRANT wachambuzi TO jina`.

Kisha funga milango iliyo wazi kwa kila mtu:

```
REVOKE ALL ON DATABASE mauzo FROM PUBLIC;
GRANT CONNECT ON DATABASE mauzo TO wachambuzi;
REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC;
```

Huo wa mwisho unauhitaji kwa sababu mmepanda kutoka 13. Toleo la 15 liliziba tundu hilo la kila mtu kuunda vitu kwenye `public`, kwa hifadhidata mpya tu. Zilizopandishwa zimebaki na ruhusa zao. Programu ya mauzo nayo ipe akaunti yake na `CONNECT` yake, maana `postgres` hapimwi kwa ruhusa yoyote kati ya hizi. `pg_read_all_data` (kundi la kusoma kila kitu linalokuja na PostgreSQL) inavutia kwa ufupi wake, ila inafungua majedwali yote, na mishahara ikiwemo. Siipendekezi.

kibodi
Asanteni sana. Na mtu akiondoka kazini, `DROP ROLE` inatosha?

mlinda_lango
Itagoma kama anamiliki kitu au ana ruhusa popote. Anza na `ALTER ROLE jina NOLOGIN;`, halafu ukate vikao vilivyo hewani, kwa sababu `NOLOGIN` haivigusi:

```
SELECT pg_terminate_backend(pid) FROM pg_stat_activity
WHERE usename = 'jina';
```

Ukigeuza mpangilio huo, programu yake inaunganisha tena papo hapo. Baadaye, ndani ya kila hifadhidata, `REASSIGN OWNED BY jina TO msanidi;` kisha `DROP OWNED BY jina;`, ndipo `DROP ROLE`. `VALID UNTIL` usiitegemee hapa: inamaliza muda wa nywila tu, anayeingia kwa `peer` au cheti anapita. Na ile nywila ya `postgres` ambayo wote wanaijua, ibadilishe leo.