Wameongoza ligi msimu mzima, wamefungwa fainali. Mdogo wangu atacheza Machi au ndiyo basi?

Mzee wa Lori: Wakuu, habari za usiku. Niko Houston, naendesha lori. Mdogo wangu anacheza kikapu chuo kimoja kidogo hukuhuku Marekani, mwaka wake wa mwisho. Wameongoza ligi ya kanda yao tangu Januari, wameshinda mechi 25. Juzi fainali ya mtoano wamefungwa kwa pointi tatu. Nikimpigia anajibu "poa kaka" tu, nyuma nasikia basi linanguruma. Kazini wanataka fomu ya likizo kabla ya Ijumaa. Hivi timu iliyoongoza ligi inaweza kuachwa kweli kwenye mashindano ya taifa ya vyuo, yale ya Machi? Nijaze au nisijaze?

Kona Tatu: Inaachwa vizuri tu, mkuu. Karibu kanda zote, tiketi ya moja kwa moja ni ya anayebeba kombe la mtoano wa kanda, hata kama msimu mzima alikuwa hoi. 2024 chuo cha NC State walimaliza wa 10 kwenye kanda yao, ACC, wakashinda mechi tano za mtoano ndani ya siku tano, wakaingia, wakafika nusu fainali ya taifa. Mwaka huohuo chuo cha Indiana State walikuwa wameshinda 28, wamepoteza 6. Chuo cha Drake kikawafunga 84-80 fainali ya kanda. Wakaachwa.

Mzee wa Lori: Lahaula. Sasa waliobaki anawachagua nani?

Bi Ubao: Mwaka 2025 timu zote zilikuwa 68. Zilizopita kwa kombe la kanda zilikuwa 31, zile 37 zikachaguliwa na kamati ya watu 12, wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa kanda. Hawahesabu ushindi tu, wanatazama umemfunga nani na wapi. Wana orodha yao, NET, inayopanga timu zote kwa ubora, na kwa orodha hiyo kila mechi inapewa daraja. Ukiifunga timu ya 60 nyumbani kwako, hilo si daraja la kwanza, maana nyumbani daraja hilo linaishia timu ya 30. Ifuate kwake uifunge, limo, kwa sababu ugenini linafika hadi ya 75. Vyuo vidogo vinaumia hapo: wakubwa hawakubali kwenda kucheza kwao. Muulize dogo wamepata mechi ngapi za daraja hilo.

Mzee wa Lori: Nimemuuliza. Mbili, wameshinda moja.

Mkweche: Mbili! Ngumu hiyo, kaka. Ila hiyo kamati nayo... 2025 North Carolina walikuwa wameshinda 1 na kupoteza 12 za daraja la kwanza, wakaingizwa. Mwenyekiti wa kamati mwaka huo alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hichohicho. Ndiyo, chuo chake kikijadiliwa anatoka chumbani, ndiyo kanuni. Mimi bado nakuna kichwa.

Bi Ubao: Na wakaenda Dayton, mji wa Ohio zinakochezwa mechi za mchujo, wakamtandika San Diego State 95-68. Hiyo mbona huisemi, Mkweche?

Kona Tatu: Turudi kwa mwenye uzi. Tiketi ya ndege usikate kabla ya Jumapili jioni, majina yakishatangazwa. Likizo jaza. Mechi za mchujo Dayton ni Jumanne na Jumatano, raundi ya kwanza Alhamisi na Ijumaa. Wakiachwa, wanaweza kuitwa NIT, mashindano mengine ya vyuo kwa walioachwa, nayo huanza wiki hiyohiyo, na mechi za mwanzo huchezwa vyuoni. Indiana State hao walioachwa walifika fainali ya NIT.

Mzee wa Lori: Nimejaza Jumanne hadi Jumapili. Bosi ameuliza kama ni msiba. Nimemwambia ni kikapu, akasaini huku anatikisa kichwa.