Naomba ushauri: msichana mkimbiaji katika filamu yangu ashinde au ashindwe?

Kandambili wa Mwanga (mwanzisha uzi)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mkazi wa Mwanga hapa Kigoma. Riziki yangu ni kupiga picha za harusi na mahafali, na kwa miaka miwili nimekuwa nikidunduliza fedha ili nitengeneze filamu yangu ya kwanza, bila kampuni wala mfadhili. Inamhusu msichana wa miaka 16, mkimbiaji wa mita 1500, katika mwaka ule ambao mwili wake unabadilika, marafiki wanabadilika, na mbio zilizokuwa mchezo wa kurudi nyumbani kutoka shuleni zinageuka kuwa jambo ambalo kila mtu mzima ana maoni yake juu yake. Nimekwisha kurekodi karibu theluthi mbili. Filamu inaanza alfajiri, msichana akikimbia kandokando ya ziwa huku jua likichomoza majini, na inaishia kwenye mbio za mwisho. Hapo ndipo nilipokwama. Nikiandika kwamba ameshinda, naona nimedanganya, na nikiandika kwamba ameshindwa, naona nimemwonea. Usingizi umenipaa, na ninatakiwa kuamua kabla ya Jumamosi. Naombeni ushauri wenu.

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Mwanangu, nilifundisha michezo kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nizungumze kidogo. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Watu hukumbuka rekodi na kusahau namna alivyoipata: hakujificha nyuma ya wenzake akisubiri mzunguko wa mwisho, bali alitangulia tangu mlio wa bastola na kuwaambia wote, kwa miguu, nifuateni kama mnaweza. John Walker wa New Zealand alimfukuza mpaka mwisho, naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani. Aliyeshindwa siku ile alikuwa amekimbia kuliko washindi wote waliomtangulia duniani. Kwa hiyo swali lako la ashinde au ashindwe halina uzito sana. Tuambie kwanza binti yako anakimbiaje: ni wa kutangulia au ni wa kuvizia?

Binti Nyamwezi
Mimi nasema ashinde, tena kwa kishindo. Tumechoka na filamu ambazo msichana wa kijijini lazima alie mwishoni ili watu wa matamasha wapige makofi. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwezi Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, tofauti yao ikiwa sekunde 0.03. Mwandishi wa filamu angeandika hivyo, tungemwambia amezidisha chumvi. Mpe ushindi huo. Zaidi ya hapo, mlete huku Tabora afanye mazoezi, kwa maana tuko juu zaidi kutoka usawa wa bahari kuliko ninyi mnaoishi kandokando ya maji mkila migebuka na kulala.

Fundi wa Kuhariri, Isevya
Ndugu Kandambili, mimi huhariri filamu za watu, na sijapata kuona mwongozaji anayekosa usingizi kwa sababu ya mwisho pekee. Mwisho unaweza kuandikwa hata baada ya miezi sita. Kwa nini Jumamosi? Na anayeigiza ni mwigizaji au ni mkimbiaji kweli?

Kandambili wa Mwanga
Asante kwa maswali. Ni mkimbiaji kweli, mwanafunzi wa kidato cha tatu, jirani yetu. Nilijaribu waigizaji wawili kabla yake, nao walikimbia kama watu wanaowahi daladala. Nimeitaja Jumamosi kwa sababu wiki tatu zijazo kuna mbio za kuchuja timu ya mkoa itakayokwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na sipendi kumwingilia katika maandalizi. Isitoshe amekuwa akilalamika mguu kidogo. Jumamosi ndiyo nafasi ya mwisho.

Muuguzi wa Gungu
Kaka, hebu simama kwenye neno hilo "kidogo". Mguu unauma wapi? Ulianza lini? Mbio hizo amezirudia mara ngapi?

Mlala Sebuleni
Mimi nasubiri kujua kama kiingilio kitakuwa bure. Vilevile napendekeza mbio ziishe mwalo wa Kibirizi, mshindi akabidhiwe debe la dagaa.

Kandambili wa Mwanga
Dada Muuguzi, unauma kwenye ugoko wa kushoto, kwa mbele. Nitasema ukweli wote ili nisionekane ninaficha. Mbio za mwisho tulizirekodi kwa siku mbili, kwenye barabara ya vumbi, na alizikimbia mara 11. Sikuwa na kamera ya pili, hivyo kila upande nilioutaka ulihitaji akimbie upya. Mara ya saba alisimama ghafla, akainama, akashika ugoko, kisha akainua uso na kuitazama kamera moja kwa moja. Nilidhani anaigiza, na nilimpongeza. Hiyo ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga maishani mwangu, na ninafikiria kuifanya iwe mwisho wa filamu: hashindi wala hashindwi, anatutazama tu. Jumamosi nataka akimbie mara moja tu, ili nipate mita zinazotangulia kusimama kwake. Mara moja haiwezi kumdhuru mtu aliyezoea kukimbia kila siku. Mwenyewe amekubali, na nilimnunulia raba mpya za shilingi 60,000 wakati mimi natembea na kandambili, kama jina langu linavyoonyesha.

Mzalendo Halisi
Vijana wa siku hizi mmedekezwa. John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea mpaka akaingia uwanjani akiwa wa mwisho, giza limekwisha kutanda. Dunia nzima inamheshimu. Binti akaze moyo, akimbie.

Muuguzi wa Gungu
Mzee wangu, Akhwari alikuwa mtu mzima aliyetumwa na nchi yake kwenye Olimpiki, na aliamua mwenyewe. Huyu ni mtoto ambaye mfupa wake bado unakua, na aliyekuwa akimwambia "rudia" ni mtu aliyemnunulia raba. Je, utamkatalia mtu aliyekununulia raba?

Kandambili, mwombe abonyeze ugoko kwa kidole kimoja. Kama maumivu yametapakaa kwenye mfupa mrefu, huenda ni uchovu wa misuli na utando wa mfupa, ambao hutulia akipumzika. Kama yapo mahali pamoja pa ukubwa wa sarafu, na yanamfuata mpaka kitandani usiku, huo unaweza kuwa ufa wa mfupa unaotokana na kurudiarudia kukanyaga. Ufa huo ukiukimbilia "mara moja tu", unaweza kuwa mvunjiko.

Mashaka Haisaidii
Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na ninaomba tusichezewe. Mimi nimezaliwa Katonga. Ndugu yetu ameandika kwamba filamu yake inaanza alfajiri, jua likichomoza majini. Jua la Kigoma huchomoza nyuma yetu, upande wa milimani, na jioni huzama ziwani, ng'ambo kwenye milima ya Kongo. Hakuna mkazi wa Mwanga asiyejua hilo, hata awe kipofu, maana joto lenyewe humweleza. Kisha tazameni mtiririko wenyewe: msichana mwenye kipaji, mguu unaouma, mashindano wiki tatu mbele, na sasa picha ya ajabu ya mara ya saba. Huu ni muswada wa filamu. Mtu yuko Dar es Salaam anatupima kama hadithi yake inauma, nasi tunamwandikia bure.

Binti Nyamwezi
Mungu wangu, hilo la jua limenipita kabisa! Kandambili, jibu.

Mlala Sebuleni
Kama ni muswada, basi Muuguzi apewe nafasi ya mhusika mkuu.

Kandambili wa Mwanga
Ndugu Mashaka, jua ninalijua. Ile alfajiri niliirekodi jioni. Jua linalozama, ukiligeuza mwendo katika kuhariri, linapanda, na rangi nikaipoza kidogo ili ifanane na asubuhi. Ni hila ya kawaida, Fundi atanithibitishia.

Fundi wa Kuhariri, Isevya
Hila hiyo ipo, ingawa ukigeuza mwendo, hata mkimbiaji atakimbia kinyumenyume, hivyo nadhani ulirekodi jua peke yake na binti peke yake, kisha ukaviunganisha. Hilo si tatizo langu. Ninachouliza ni hiki: Kigoma yote ina asubuhi nzuri, na wakimbiaji hufanya mazoezi asubuhi. Kwa nini kila kitu chako ni cha jioni?

Kandambili wa Mwanga
Kwa sababu jioni ndipo mama yake anapojua kwamba yuko mazoezini na timu ya shule.

Sikuliandika mwanzoni kwa kuwa nilijua mtaliona hilo tu na kuacha swali langu. Mama yake huanika na kuuza dagaa Kibirizi, na huwa hapo mpaka usiku. Nilimweleza kwa juujuu kwamba nitampiga mwanawe "picha za michezo", akacheka, akasema sawa. Hakujua kwamba ni filamu, wala hakujua siku alizokosa mazoezi ya kweli. Nilikusudia kumwonyesha ikiwa imekamilika, ili aone fahari kabla hajaona gharama. Msinihukumu kana kwamba nimemwiba mtoto. Filamu hii ndiyo itakayomtoa.

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Mwanangu, usiseme "itakayomtoa". Miguu yake ndiyo ilikuwa inamtoa.

Fundi wa Kuhariri, Isevya
Niseme mambo mawili ya kazi. Kwanza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo kukubali kwake hakutoshi; unahitaji idhini ya mzazi iliyoandikwa. Kurekodi filamu nako kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na ninahisi nalo hujalifanya. Pili, mbio hazirekodiwi kwa kukimbia mbio. Mwendo wa mita 30 unatosha kwa picha ya uso. Miguu iwe ya mtu mwingine mwenye raba zile zile. Pumzi irekodi msichana akiwa amekaa kwenye kiti, sebuleni, umemfunika shuka kuzuia mwangwi. Ukitumia lenzi ndefu ukiwa mbali, wakimbiaji walioachana kwa hatua kumi wataonekana wanakanyagana visigino. Mara 11 zile hazikuwa na sababu yoyote isipokuwa hukujua, na kutojua si dhambi, lakini sasa umejua.

Mashaka Haisaidii
Bado naamini ni muswada. Ila sasa ni muswada mzuri.

Kandambili wa Mwanga
Nimetoka Kibirizi. Nilimkuta mama anageuza dagaa kwenye chanja, nikamsubiri amalize, kisha nikamwonyesha kwenye simu ile picha ya mara ya saba, kwa sababu niliona nikianza na nyingine nitakuwa ninamvizia tena. Hakunigombeza. Aliniomba nirudishe nyuma, akaitazama mara tatu, kisha akauliza, "Hapa anasema nini?"

Nilimjibu kwamba hasemi kitu, ni upepo wa ziwa. Sauti ya siku ile sikuwahi kuisikiliza vizuri, maana nilipanga kuweka muziki juu yake. Usiku huu nimevaa spika za masikioni na kupunguza upepo kadiri nilivyoweza. Midomo inafunguka mara mbili. Anasema, "Kaka, subiri."

Picha sijaifuta, na sitawadanganya kwamba nitaifuta. Mama amesema tutaizungumza baadaye, si leo. Jumamosi hatutarekodi, tutakwenda hospitali ya Maweni, sisi watatu. Msichana nimemwomba radhi, naye ameniuliza jambo moja tu, kama atakimbia kwenye mchujo. Dada Muuguzi, sikujua nimjibu nini. Alipobonyeza, ni mahali pamoja, na usiku panauma.

Muuguzi wa Gungu
Mwambieni daktari yote, pamoja na hizo mara 11. Watampiga eksirei, na ikitoka safi msishangilie, kwa kuwa ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani mpaka zipite wiki mbili au tatu. Mpaka hapo asikimbie hata kuwahi basi. Mchujo wa mwaka huu aufute kichwani, na ni afadhali alisikie hilo kutoka kwako kabla hajaambiwa na mtu mwenye koti jeupe.