Kuja Nairobi na droni Desemba, na kutoka Nairobi nayo

Kutoka: Leeds

Habari zenu nyote. Dada yangu anaolewa Nairobi Desemba hii. Sherehe itakuwa kwenye bustani moja kule Lang'ata, na familia imeniomba nije na droni ili tupate picha za juu. Ninayo DJI Mini, ile ya chini ya gramu 250. Hapa Uingereza nilishafanya mtihani wa mtandaoni nikapewa namba ya rubani, na namba ya mmiliki nimeibandika ubavuni mwake. Siku ya pili tungependa kuingia Mbuga ya Nairobi tuwapige picha twiga, majengo ya jiji yakionekana nyuma yao. Kwa uzito ule mimi nilidhani hakuna kibali kinachohitajika, lakini binamu yangu anasisitiza kwamba itazuiliwa nikishuka tu uwanja wa ndege wa JKIA. Nani anaifahamu hali ilivyo? Tiketi sijalipia bado.

Kutoka: South B, Nairobi

Ndugu wa Leeds, hongera kwa harusi. Nashukuru umeuliza kabla ya kulipa tiketi, kwa sababu wengi huuliza wakiwa tayari mbele ya meza ya forodha, na pale hakuna wa kuwasaidia.

Mimi narusha droni kwa kazi hapa jijini: upimaji wa viwanja, picha za majengo yanayojengwa. Nitakueleza kwa urefu maana jambo hili nalijali.

Kwanza, namba zako za Uingereza zinahusu anga la Uingereza. Ukivuka mpaka hazina nguvu, na mamlaka ya huku hailazimiki hata kuzitazama. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020, chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Kabla ya hizo kulikuwa na kanuni za 2017 ambazo Bunge lilizibatilisha, ndiyo maana mpaka leo utasikia watu wakikuambia droni ni marufuku Kenya. Si marufuku. Zina utaratibu, na utaratibu wenyewe huanza kabla droni haijaingia nchini.

Gramu 250 ni kipimo cha Ulaya na Marekani. Usikibebe kichwani ukija huku. Droni yenye kamera huingizwa nchini kwa kibali cha KCAA, na wizara ya ulinzi nayo hushirikishwa kwa upande wa usalama. Kibali hicho unakiomba ukiwa bado Leeds, ukitaja aina ya droni, namba yake ya kiwandani na kazi unayotaka kuifanyia. Ikifika bila kibali, forodha wana haki ya kuizuia, kwa hiyo binamu yako hakukutisha bure. Baada ya kuingia inasajiliwa. Anayeruhusiwa kuimiliki hapa ni raia au mkazi aliyetimiza miaka 18, kampuni iliyosajiliwa, au serikali. Wewe ni Mkenya, hapo huna shida.

Sasa tuje Lang'ata. Hata ukiwa na karatasi zote mkononi, mahali penyewe pana tatizo. Kanuni zinataka ukae kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na kilomita 7 kutoka vile vidogo, isipokuwa umepewa idhini. Chukua ramani, weka ncha ya bikari juu ya uwanja wa ndege wa Wilson, uchore duara hata la kilomita 7 tu. South C imo, Lang'ata imo, Kibera, Upper Hill, Kilimani na katikati ya jiji zote zimo. Chora jingine JKIA, limeze Embakasi na Syokimau. Chora la tatu kwenye kambi ya jeshi la anga pale Eastleigh, uone Pangani na Buruburu zinabaki wapi. Utakuta jiji la kurushia droni kiholela halipo.

Na duara hili halikuwekwa kusumbua watu. Wilson ndiko zinakoondokea ndege ndogo za Mara, Amboseli na Lamu, na ndiko ziliko ndege za AMREF za kubeba wagonjwa. Zikija kutua zinapita chini sana juu ya Lang'ata na juu ya mbuga. Rubani wa ndege ya namna hiyo hawezi kukiona kidude cha kiganja kikielea mbele yake hadi kimfikie. Uingereza mnalijua hili vizuri: Desemba 2018 watu waliripoti kuona droni karibu na Gatwick, uwanja ukafungwa, na safari za abiria kama 140,000 zikavurugika. Fikiria ndege iliyobeba mgonjwa kutoka Wajir ikiambiwa isubiri angani.

Kuna na umbali wa watu: mita 50 kutoka kwa yeyote asiyehusika na kazi yako, na vilevile kutoka kwa magari na majengo. Harusini kuna mahema, wazee, watoto wanakimbia huku na huko. Mita 50 utazipata wapi kwenye bustani? Kimo nacho mwisho ni futi 400, mchana, na droni iwe machoni pako muda wote.

Mbuga ya Nairobi iko chini ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, na haturushi droni mbugani bila idhini yao. Wanyama husikia mlio ule mapema kuliko sisi na hutawanyika. Wanaopewa idhini ni watafiti na watu wa filamu walioomba mapema na kulipia. Kwa mtalii wa siku moja, hilo nakushauri uliache.

Maoni yangu ya wazi: droni yako ibaki Leeds. Kodi rubani wa hapa ambaye kampuni yake ina cheti cha uendeshaji cha KCAA, yeye ndiye aombe ruhusa ya Lang'ata. Ikikubaliwa, mtapata picha zenu na hakuna askari atakayekuja kumuuliza bwana harusi maswali mbele ya wageni.

Kutoka: Umoja, Nairobi

Wanangu hamjambo. Naomba niulize hapa hapa kwa kuwa mmeshaanza. Kijana wangu anasoma Stuttgart. Alipokuja likizo mwaka jana aliacha droni hapa nyumbani, aliinunua hapa Nairobi na ina cheti cha KCAA. Mwezi ujao naenda kumtembelea na ananiambia nimbebee. Tiketi niliyotafutiwa inapita Kairo, nalala usiku mmoja hotelini. Nikiitia kwenye sanduku kubwa na betri zake tatu kuna ubaya? Na nikifika huko itanipa shida?

Kutoka: Hamburg

Mama, salamu zako nimezipokea kwa heshima. Nitaanza na Kairo, maana ndipo penye hatari.

Misri ina sheria ya mwaka 2017 inayokataza kuingiza, kumiliki au kurusha droni bila idhini ya wizara ya ulinzi. Ukilala hotelini unatoka nje ya uwanja, na mizigo unayotoka nayo inapita forodha ya Misri. Hapo wewe si mpita njia tena, umeingia nchini na droni. Tafadhali badilisha tiketi hiyo. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Frankfurt na hadi Amsterdam, na kutoka huko Stuttgart unafika kwa treni. Kama bei haikuruhusu kubadilisha, iache droni nyumbani. Moroko nao hawaruhusu droni kuingia na wageni. India walizuia kuingiza droni za kigeni tangu Februari 2022, nalitaja hili kwa sababu najua humu kuna familia zinazopeleka wagonjwa Chennai na Hyderabad, na mtu anaweza kuibeba bila kufikiri.

Kuhusu sanduku kubwa: droni yenyewe inaweza kuingia humo, betri za akiba kamwe. Betri za lithiamu za akiba zinapanda nawe kwenye mkoba wa mkononi, ndege zote, nchi zote. Betri ikishika moto kwenye viti wahudumu wanaweza kuizima. Ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuifikia. Ziba vile vyuma vya mdomoni kwa utepe, kila moja kwenye kifuko chake, zisigusane na funguo wala sarafu.

Mipaka inahesabiwa kwa wati-saa. Kila betri imeandikwa. Kama maandishi yamefutika, zidisha volti kwa miliampea-saa kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya Mini 2, kwa mfano, ni volti 7.7 na 2,250, unapata kama 17.3. Chini ya 100 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kati ya 100 na 160 unaomba, na za akiba ni mbili tu. Zaidi ya hapo hazipandi ndege ya abiria. Kama droni ya kijana wako ni ndogo namna hiyo, betri zake ziko mbali sana na mpaka huo, lakini uliza shirika lako wanaruhusu ngapi, maana kila shirika lina idadi yake.

Hapa Ujerumani tunafuata kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza tarehe 31 Desemba 2020. Kwa kuwa ina kamera, kijana lazima ajisajili kama mwendeshaji na abandike namba yake, hata kama iko chini ya gramu 250. Akisajiliwa Ujerumani anaweza kurusha Ufaransa au Italia kwa namba hiyo hiyo, mradi asome masharti ya mahali anapokwenda. Cheti cha KCAA hakimsaidii hapa, kama vile namba ya Leeds isivyomsaidia mwenzetu, tena Uingereza imeshatoka kwenye mfumo huu. Ikivuka gramu 250 kuna mtihani wa mtandaoni, maswali 40, kupita ni asilimia 75. Na bima: Ujerumani ni lazima kwa kila droni, uzito wowote. Wanafunzi wengi wanasahau hili. Mwambie aulize kwanza kama bima yake ya dhima, ile ya kulipia madhara kwa wengine, inagusa droni, nyingi hazigusi.

Beba risiti ya zamani. Forodha ya hapa inamruhusu anayeingia kwa ndege vitu vya hadi yuro 430 bila kutangaza, na droni inayoonekana mpya wataiuliza.

Kutoka: Dallas

Nyongeza ya wanaokuja Marekani. Anayerusha kwa kujifurahisha hufanya jaribio dogo la bure la mtandaoni liitwalo TRUST, na anayezidi gramu 250 hujisajili FAA, mamlaka ya anga ya huku, kwa dola 5. Mgeni asiye mkazi hupitia mtandao huo huo wa FAA kabla ya kurusha. Droni zilizosajiliwa zinatakiwa kutangaza utambulisho wake zikiwa hewani, kwa hiyo droni za zamani mlizonunua Luthuli Avenue kule Nairobi angalieni kama zina uwezo huo. Mbuga za taifa zote za huku zilifungwa kwa droni mwaka 2014, Grand Canyon na Yellowstone zikiwemo. Washington DC usiitoe hata kwenye mkoba.

Kutoka: Umoja, Nairobi

Asante sana mwanangu wa Hamburg. Kijana nimempigia, tiketi tunabadilisha, na bima kweli hakuwa anajua. Swali moja limebaki: je, akitaka kuirudisha Kenya akimaliza masomo?

Kutoka: South B, Nairobi

Mama, kabla hujaondoka pita KCAA au waandikie, waeleze kwamba droni iliyosajiliwa inatoka nchini na huenda ikarudi, wakuelekeze karatasi za kutokea. Chukua nakala ya cheti cha usajili na picha ya namba ya kiwandani. Siku ya kurudi, hizo ndizo zitaonyesha kwamba haikununuliwa nje. Bila hizo itahesabiwa kuwa inaingia upya, na kijana ataanza kuomba kibali kama mtu yeyote.

Kutoka: Leeds

Wazee wangu, nimeelewa. Droni inabaki, twiga nitawapiga kwa kamera ya kawaida nikiwa ndani ya gari. Ndugu wa South B, nikitafuta rubani wa harusi nimuulize nini? Shemeji tayari ameletewa mtu wa bei nafuu anayesema Lang'ata anarusha kila Jumamosi na hajawahi kuulizwa.

Kutoka: South B, Nairobi

Huyo muulize namba ya cheti cha uendeshaji cha kampuni yake, leseni yake mwenyewe ya urubani, na cheti cha usajili cha droni atakayokuja nayo. Kisha omba kuona bima, na uangalie tarehe. La mwisho, ruhusa ya siku hiyo na mahali hapo, kwa maandishi. Ruhusa ya Jumamosi iliyopita haifai kitu. Akianza kukuambia "hapa hakuna shida", mshukuru na uendelee kutafuta.

Mkubaliane pia kuhusu picha. Tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data, na bustani zile zimepakana na nyumba za watu. Majirani wasirekodiwe uani kwao. MC awatangazie wageni mapema kwamba kutakuwa na droni, na asiyetaka kuonekana aseme.

Muda wa kuomba usiubane. Mpe rubani tarehe na ramani ya bustani sasa hivi, msingoje Novemba. Idhini ya Lang'ata ikikataliwa, na inaweza kukataliwa kwa sababu ya Wilson, muulize kama anayo nguzo ndefu ya kamera. Kuna nguzo za mita 8 zinazosimamishwa kando ya hema, picha zake za juu ni nzuri na hazihitaji idhini ya anga.